Akina Mama Wasiishie Kwenye Kibanda

Uhuru wa bendera tuliupata tarehe 9 Desemba 1961. Uhuru wa mashine bado hatujaupata. Leo fedha zetu, ramani zetu, vitambulisho vyetu, madaftari ya wagonjwa wetu, hata salamu tunazopelekeana asubuhi, vyote vinapita ndani ya mitambo ambayo wengi wetu hatukuibuni, hatuimiliki, wala hatujui inavyofanya kazi. Hii ni vita mpya, na kila mwananchi mwenye macho anaiona. Lakini liko jambo ambalo hata sisi wanachama hatupendi kulisema kwa sauti. Vita hiyo tunakwenda kuipigana hali tumeiacha nusu ya jeshi nyumbani.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi yetu. Kati yao wanawake ni 31,687,990. Basi hao ndio walio wengi. Sasa, ndugu msomaji, ingia katika ofisi yoyote ambamo programu za kompyuta zinaandikwa au mitambo ya simu inasimamiwa. Wahesabu akina mama walioketi mbele ya mitambo, kisha wahesabu walioketi mapokezi. Huna haja ya kuandikiwa na mtaalamu kutoka ng'ambo. Hesabu yako mwenyewe itakutosha.

Juma hili twataka kusema wazi kwamba jambo hili si la akina mama peke yao, wala si la kuachiwa siku ya tarehe 8 Machi, tukavaa sare, tukaimba, tukarudi nyumbani. Ni jambo la uhuru wa nchi, na ni kazi ya chama.

Nani aliyeianza kazi hii?

Wapo watu wanaosema kwamba kompyuta ni kazi ya wanaume kwa maumbile, kama vile Mungu alivyomwumba mwanamume na ndevu. Maneno hayo ni uongo, na historia yenyewe inayakanusha.

Mwezi Februari 1946, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, ulizinduliwa mtambo mkubwa uitwao ENIAC, wenye uzito wa tani 30 hivi. Ulikuwa mmoja wa mitambo ya kwanza ya kompyuta duniani iliyofanya kazi kwa umeme. Waliopewa kazi ya kuuelekeza ukokotoe hesabu zake walikuwa wanawake 6: Kathleen McNulty, Jean Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Hawakuwa na kitabu cha maelekezo. Walisoma michoro ya mtambo, wakaujua waya kwa waya, wakaufundisha kazi. Siku ya maonyesho mtambo ulifanya hesabu zake sawasawa, na wakubwa wakapigiwa makofi. Jean Jennings alisimulia baadaye kwamba kwenye karamu ya usiku ule wao hawakualikwa. Miaka mingi ikapita picha zao zikitazamwa, watu wakidhani ni mabinti waliowekwa pale ili kuupamba mtambo.

Si hao tu. Grace Hopper, mwanamke wa jeshi la majini la Marekani, mwaka 1952 alitengeneza programu ya kutafsiri maagizo ya binadamu yawe maagizo ya mashine, na kazi yake ikasaidia sana kuzaliwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo COBOL. Dorothy Vaughan, mwanamke mweusi katika nchi iliyokuwa bado inabagua weusi kwa sheria, mwaka 1949 aliwekwa kuwaongoza wanawake weusi waliokuwa wakipiga hesabu za ndege huko Langley. Kompyuta zilipokuja hakungoja kufukuzwa kazi. Alijifunza lugha yake, akawafundisha wenzake.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapo ndipo penye somo. Kazi hii ilipokuwa ikidhaniwa kuwa ya ukarani, ya kuchomeka waya na kutoboa kadi, iliachiwa wanawake, tena kwa ujira mdogo. Mabwana walipogundua kwamba anayeiongoza mashine ndiye anayeliongoza shirika, kazi ilibadilishiwa jina, ikapandishwa mshahara, ikahamishiwa kwa wanaume. Huko Uingereza wanawake waliokuwa wakiendesha kompyuta za serikali waliwekwa katika daraja lao la chini. Wakati mwingine walitakiwa wawafundishe kazi vijana wa kiume ambao kesho yake wangekuwa wakubwa wao. Mwaka 1962 mama mmoja, Stephanie Shirley, aliyefika Uingereza mwaka 1939 akiwa mtoto mkimbizi, alianzisha kampuni ya programu akiwaajiri wanawake waliozuiwa na ndoa na watoto kupata kazi kwingine. Barua zake za kutafuta kazi hazikujibiwa mpaka alipoanza kutia sahihi kwa jina la kiume, Steve. Ndipo milango ikafunguka. Akili ilikuwa ile ile na kazi ile ile, jina tu lilibadilika.

Huko Marekani, mwaka 1984, katika kila wanafunzi 100 waliopata digrii ya kompyuta, 37 walikuwa wanawake. Katika miaka ya 2010 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka mpaka kama 18. Je, katika miaka 30 akili za mabinti wa Marekani zilioza? Hasha. Kilichobadilika ni soko. Kompyuta ndogo za nyumbani zilipoanza kuuzwa, ziliuzwa kama vitu vya kuchezea wavulana. Baba akamnunulia mwana, binti akabaki akichungulia. Walipokutana chuoni, mmoja alikuwa amekwisha kuigusa mashine miaka mingi, na mwingine ndiyo kwanza anaiona. Kisha watu wakasema: mnaona, wanawake hawaiwezi.

Basi yeyote atakayetuambia kwamba maumbile ndiyo yanayomzuia mwanamke, tumwulize: maumbile gani yanayobadilika kwa tangazo la dukani?

Nasi tunayo historia yetu

Hatuna haja ya kwenda mbali ili kupata mfano. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed akakabidhiwa kuwaongoza akina mama wa chama. Hakuwa amesoma sana. Alikuwa mwimbaji wa ngoma. Lakini alijua jambo ambalo wasomi wengi hawakulijua. Alijua kwamba akina mama wa Dar es Salaam walikwisha kuwa na vikundi vyao vya ngoma, vyenye viongozi, michango, na njia za kupelekeana habari kutoka mtaa hadi mtaa. Akaenda kwa vikundi hivyo, akavitia katika chama. Ukipenda, sema kwamba lelemama ndiyo iliyokuwa mtandao wetu kabla neno hilo halijapata maana ya leo. Habari ya mkutano ilitoka Magomeni ikafika Ilala bila simu, wala serikali ya mkoloni haikujua imepita wapi. Waliuza maandazi, wakatoa senti zao, wakanunua kadi na kuwauzia wengine. Maelfu wakajiandikisha kwa muda mfupi.

Wanaume wengi waliokuwa na kazi serikalini hawakuweza kuonekana mkutanoni, kwa kuwa mkoloni aliwakataza watumishi wake kuingia katika siasa. Wake zao wakaja. Hilo hatuna budi kulikumbuka kila tunapojisifu kwa historia yetu. Siku kazi ya chama ilipokuwa ya hatari na haina mshahara, akina mama walikuwa mbele. Siku uhuru ulipokuja na vyeo vikaanza kugawanywa, wengi wao walirudi nyuma ya pazia. UWT ikaundwa mwaka 1962 na ikafanya kazi kubwa, lakini tusijidanganye kwamba haki iligawanywa sawasawa na jasho.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wanawake wa ENIAC, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa akina mama wa TANU. Kazi ikiwa ngumu na haina heshima, anaitwa mama. Ikipata heshima, mama anaambiwa apishe. Ndiyo maana twauliza leo, kabla mambo hayajawa kawaida: je, tutarudia jambo hilo mara ya tatu?

Kibanda na mtambo

Mwaka 2007 huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza nchini Kenya kwa jina la M-Pesa, na mwaka 2008 ikafika kwetu. Leo kila njia panda ina kibanda cha wakala. Mara nyingi aliyemo kibandani ni binti au mama. Anakaa juani kutwa, anapokea noti, anatoa noti, na ikitokea upungufu jioni ni yeye anayelipa. Akipigiwa simu na matapeli wakamlaghai, hasara ni yake. Kamisheni yake ni senti katika shilingi.

Hatudharau kazi hiyo. Imewasomesha watoto wengi. Lakini nani aliyeandika programu inayokata makato? Nani anayeamua makato yawe kiasi gani? Nani anayeshika takwimu za mamilioni ya watu na kujua nani kakopa, nani kauza mahindi, nani kapelekewa fedha na mwanawe? Hao hawakai kibandani. Wanakaa ghorofani, wengine hata nchini hawamo. Mama yuko mlangoni mwa nyumba kubwa ya mashine, anawafungulia wateja, lakini yeye mwenyewe haruhusiwi kuingia ndani.

Twasema pia kwamba idadi peke yake si ukombozi. Mwezi Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika habari za wafanyakazi wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi machafu kupita kiasi, ili mashine za kampuni kubwa za ng'ambo zijifunze kuyakwepa. Tarehe 1 Mei mwaka ule ule, wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakaazimia kuunda chama chao cha wafanyakazi. Twawapa heko. Bepari hana taabu kumwajiri mwanamke maadamu ujira ni mdogo na kazi ni ya kuumiza roho. Tunachodai sisi ni nafasi ya kujua, kuunda, kuamua na kumiliki, na ujira wa halali kwa kila kazi.

Mashine isiyotuona

Yuko atakayesema: hata kama programu zinaandikwa na wanaume wa mbali, ubaya uko wapi? Mashine haina jinsia wala rangi.

Jibu lake lilitolewa mwaka 2018 na wanawake wawili wenye asili ya bara letu. Joy Buolamwini, ambaye wazazi wake ni Waghana, na Timnit Gebru, aliyezaliwa Ethiopia, walizipima mashine 3 zilizokuwa zikiuzwa kwa kazi ya kutambua kama uso ni wa mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe, hata mashine mbaya kuliko zote haikukosea mara 1 katika 100. Kwa wanawake weusi, moja ya mashine hizo ilikosea mara 34.7 katika 100. Waliozitengeneza hawakukusudia, huenda, kutudharau. Walizipima kwa nyuso zilizofanana na zao, wakaona zinafaa, wakaziuza. Habari ilipotangazwa, kampuni zikaanza kurekebisha. Kwa nini hazikurekebisha mapema? Kwa sababu katika vyumba vyao hapakuwa na mtu wa kutosha wa kuuliza: na mama yangu je?

Na hapa nyumbani mifano ipo. Msimu wa 2022/23 serikali ilipoleta mbolea ya ruzuku, mkulima alitakiwa aandikishwe katika daftari la kielektroniki, naye akapelekewa namba zake kwa simu. Mpango wenyewe ni mzuri. Lakini katika nyumba ambayo simu ni ya bwana na jembe ni la bibi, aliyeandikishwa ni nani? Mwenye simu ndiye mwenye namba, na mwenye namba ndiye mwenye mbolea. Mama angekuwa mezani siku daftari lile lilipobuniwa, swali hilo lingeulizwa siku ya kwanza. Shirika la kampuni za simu duniani, GSMA, katika ripoti yake ya mwaka 2024 lilionyesha kwamba katika Afrika kusini ya Sahara wanawake wako nyuma ya wanaume kwa asilimia 32 katika kutumia intaneti ya simu. Maana yake, wanaume 68 katika kila 100 wakiwa wanaitumia, wanawake hawafiki 50. Huduma inayohamia kwenye simu bila kulijua hilo humwacha mama njiani, hata kama jina lake liliandikwa katika hotuba ya uzinduzi.

Mambo yanaanzia darasani

Mkoloni hakuwa na nia ya kumfanya msichana wetu fundi. Alimfundisha kushona, kupika na kunyoosha nguo, awe mke safi wa karani. Mkoloni amekwenda, lakini mtaala wake umebaki katika vichwa vya baadhi yetu.

Sisi tuliopita katika vyuo vya ualimu tunajua jinsi mambo yalivyo. Darasa lina wanafunzi 60 na kompyuta 5. Mwalimu anasema, kaeni makundi. Baada ya dakika 2 tu, mvulana amekwisha kushika kibodi, na msichana ameshika kalamu anaandika yale mvulana anayoyafanya. Hakuna aliyewaamuru. Kipindi kikiisha mvulana amejifunza mashine, msichana amejifunza hati nzuri. Swali gumu la hesabu likiulizwa, macho ya mwalimu yanakwenda upande wa wavulana kabla mkono wowote haujainuliwa. Kisha kuna kidato cha tatu, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa njia panda: hapo ndipo wanafunzi walipoachia fizikia na kemia. Na msichana aliyeambiwa tangu darasa la kwanza kwamba hesabu si zake, ataendelea na fizikia kwa moyo gani, tena shule haina maabara, na mwalimu wa somo ni mmoja kwa kata nzima?

Ongeza na mengine. Shule iko mbali, njiani kuna bodaboda wenye maneno matamu. Jioni mvulana anasoma, msichana anateka maji. Choo hakina mlango wala maji, basi kila mwezi anakosa siku kadhaa. Akipata mimba, kwa miaka mingi safari iliishia hapo, mpaka waraka wa Novemba 2021 uliporuhusu arudi shuleni. Waraka ni mzuri, lakini waraka hauna miguu. Lazima awepo mtu wa kwenda nyumbani kwa binti na kumwambia: rudi, nafasi yako ipo.

Mama yetu mmoja aliapishwa kuwa Rais mwezi Machi 2021. Bungeni tuliweka viti maalumu vya akina mama tangu zamani. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini mashine haina kiti maalumu. Huwezi kuteuliwa kuwa mhandisi kwa barua. Kiti cha mhandisi kinatengenezwa kwa miaka 15 ya fizikia na hesabu, na kinaanza na stuli moja katika maabara ya sekondari ya kata. Stuli hiyo ndiyo tunayoidai.

Kujibu wanaosita

Wazee wetu wengine watasema: haya ni mambo ya Wazungu, yanaletwa na wafadhili. Tunawajibu kwa heshima: wazee wetu, mtambo umekwisha kuingia nyumbani kwenu. Umeme mnanunua kwa namba za LUKU, ushuru mnalipa kwa kontroli namba, fedha za mtoto aliye mjini zinafika kwa simu. Mambo yaliyoingia nyumbani si ya Wazungu tena, ni yetu. Lililobaki ni kama tutakuwa mabwana wake au watumwa wake.

Wengine watasema: kwanza maji, kwanza zahanati. Nasi twataka maji na zahanati. Lakini dawa za zahanati sasa zinaagizwa kwa kompyuta, na bili ya maji inatoka kwenye mashine. Asiyejua mashine ataibiwa maji na dawa pia.

Wengine watasema: tuchague kwa sifa, tusitazame jinsi. Vema sana. Sisi nasi tunapenda sifa. Lakini usimfunge mtu miguu, kisha ukamshinda mbio, ukaita ushindi huo sifa. Mfungue kwanza.

Tena tukumbuke somo letu wenyewe. Mwaka 1965 serikali ilifunga kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha. Haikupita miaka 10. Kazi iliharibika, wataalamu walikuwa wa kuazima, fedha za kigeni zikapotea, na mwaka 1974 kompyuta zikapigwa marufuku kuingia nchini. Marufuku hiyo imekwisha zamani, lakini funzo halijafa. Taifa lisilo na mafundi wake halina ila njia mbili: kuburutwa na mtambo wa mwingine, au kuufungia mlango na kubaki gizani. Njia ya tatu ni kuwa na mafundi wetu, wengi, wa kutosha. Na hatuwezi kuwa na mafundi wa kutosha tukiwatafuta katika nusu ya watu tu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wala hatuanzii patupu. Nchini Kenya wanawake wakiwemo Ory Okolloh na Juliana Rotich walikuwa katika kuanzisha Ushahidi mwaka 2008, mtambo wa kukusanya habari za ghasia za baada ya uchaguzi, ambao baadaye ulitumika katika nchi nyingi za dunia. Mwaka 2010 wanawake wa Nairobi walianzisha AkiraChix kuwafundisha mabinti kazi ya kompyuta. Hapa kwetu, tangu mwaka 2013, Carolyne Ekyarisiima na wenzake wa Apps and Girls wamekuwa wakianzisha vilabu vya kompyuta kwa wasichana mashuleni. Kama wananchi wachache wameweza hayo, chama chenye matawi katika kila kijiji kitasema hakiwezi kwa sababu gani?

Kazi ya matawi

Maneno matupu hayachimbi kisima. Twapendekeza mambo 5, nayo yajadiliwe katika mikutano ya matawi kabla ya mwisho wa mwaka.

Kwanza, chama kianze nyumbani. Madaftari ya wanachama sasa yanaingia katika kompyuta. Isiwe tena kwamba kijana wa kiume anaitwa mtaalamu na binti anaitwa kuleta chai. Katika kila wilaya, nusu ya wanaofundishwa kazi hiyo wawe wanawake, na si kupiga chapa tu, bali kuutengeneza mtambo unapoharibika.

Pili, kila diwani wa chama aulizwe na wanachama wake: sekondari za kata yako zina maabara ngapi zenye vifaa? Kompyuta ngapi zinawaka? Walimu wa fizikia wangapi? Bweni la wasichana liko wapi? Na mabinti wangapi waliopata watoto wamerudi darasani tangu waraka wa 2021? Ajibu kwa hesabu, asijibu kwa mithali. Asiyejua hesabu za kata yake asije kutuomba kura.

Tatu, fedha za halmashauri. Sheria inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa akina mama, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ikarudishwa mwaka 2024. Mpaka leo mama akiomba mkopo anaelekezwa kwenye sabuni, batiki na kuku. Hatuna ugomvi na kuku. Lakini kwa nini kikundi cha mabinti wanaotaka kufungua karakana ya kutengeneza simu na kufunga umeme wa jua kitazamwe kama kikundi cha wendawazimu? Maofisa wa maendeleo ya jamii waambiwe kwamba ufundi wa mitambo nao ni kazi ya akina mama.

Nne, kampuni zinazotaka kuiuzia serikali mitambo ziulizwe kabla ya kupewa zabuni: mnao wahandisi wangapi wananchi, na wangapi kati yao ni wanawake? Mtu anayekula kodi ya akina mama hana budi kuwaajiri watoto wao.

Tano, mabinti wa vibandani waunganishwe katika vyama vyao, waweze kusimama pamoja kudai kamisheni ya haki, ulinzi dhidi ya matapeli, na mafunzo ya kupanda juu. Aliyeshika fedha za watu miaka 5 bila kuiba senti amekwisha kufaulu mtihani wa uaminifu. Sasa afunguliwe mlango wa utaalamu.

Kwenu akina mama twasema: msingoje kukaribishwa. Bibi Titi hakungoja. Mkiona mtambo, uulizeni jina lake na kazi yake. Binti akitaka kufungua redio kuona kilicho ndani, msimpige mkono.

Kwenu vijana wa kiume twasema: mwachieni dada yenu kibodi. Hamtapungukiwa. Mtakuwa na mwenzenu wa kubeba mzigo ambao hamuwezi kuubeba peke yenu.

Na kwenu viongozi wa chama, wa ngazi zote, twasema kwa heshima na bila kuficha: akina mama walikijenga chama hiki kwa maandazi na nyimbo wakati hakikuwa na kitu cha kuwalipa. Deni hilo bado liko wazi katika daftari. Halilipwi kwa vitenge vya sherehe, linalipwa kwa elimu, kwa kazi na kwa madaraka. Matawi yatakayoanza kazi yatuletee habari zao, nasi tutazichapa katika gazeti hili, wakati huu kwa hesabu na kwa jina la tawi. Na matawi yatakayokaa kimya, nayo tutayataja.

Uhuru na Kazi!